Siwema Asiyekufa

Kila Jumanne asubuhi zahanati yetu ya Mlungui huanza kwa wimbo. Ni wimbo wa uji wa lishe, una ubeti wa karanga na ubeti wa dagaa, na kina mama wajawazito huuimba huku wakijipanga kwenye mizani. Mimi hupima presha. Bi Mwanakheri, mhudumu wetu, hupima uzito na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Wewe umekula nini, gunia?"

"Nimekula ulichoninyima wewe, Bi Mwanakheri."

Kisha kila mmoja hunipa kadi yake, nami huandika.

Jumanne ile tulikuwa tumefika ubeti wa dagaa. Honi ikalia nje, honi ndefu ya mtu asiyekuwa na mgonjwa garini, na wimbo ukakatika.

Kabla sijasema aliyeshuka, lazima nieleze jambo moja la kwetu. Tumbo la mwanamke likianza kuonekana, mama yake humvua jina na kuliweka nyumbani, kama mtu anavyoweka sandukuni nguo ya sikukuu. Tangu siku hiyo mpaka ajifungue huitwa Siwema. Wote huitwa Siwema. Wazee walisema kifo hakijui njia. Huja na jina mdomoni, kikauliza nyumba kwa nyumba. Basi kikiuliza, kila mlango uitike Siwema, mpaka kichoke kirudi kilikotoka. Jina la mume nalo halitajwi, maana litaonyesha mlango. Na ili sisi wenyewe tusipotee, kila mwanamke hushona kipande cha kanga yake pembeni mwa kadi ya kliniki. Huyu ni Siwema wa korosho, yule ni Siwema wa madoa mekundu, na mimi najua wa korosho ana upungufu wa damu na wa madoa mekundu ndiyo mimba yake ya kwanza.

Nchi yetu nayo ina jina. Lakini imekuwa na mimba ya maendeleo tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo kwa adabu ya kwetu ninalihifadhi jina lake mpaka ijifungue salama.

Aliyeshuka alikuwa Bwana Gwandumi, Mratibu Mkuu wa Mfumo kutoka makao makuu. Alivaa suti nyeusi kwenye joto la kukaushia mihogo. Mkono mmoja alishika kishikwambi, mkono wa pili gunia tupu.

"Kina mama," alisema, "leo tunazika karatasi. Mheshimiwa Waziri wa Afya na Takwimu Njema ameamua kwamba kila mama wa nchi hii ataishi milele ndani ya mashine."

"Humo ndani ya mashine kuna choo?" aliuliza Bi Mwanakheri. "Maana cha hapa kilianguka masika."

"Choo kipo kwenye awamu ya tatu," alijibu Bwana Gwandumi bila kucheka, akaanza kukusanya kadi na kuzitia guniani.

"Na kitambaa changu?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mfumo hauhitaji vitambaa, mama. Mfumo una akili."

Akamwita wa kwanza. "Jina?"

"Siwema."

"Siwema nani?"

Mwanamke akatazama chini. Bwana Gwandumi, ambaye alikuwa mtu mwepesi wa kutatua, akajaza mwenyewe: Siwema wa Mlungui. Mahali pa namba ya uraia akaandika sifuri, kwa sababu vitambulisho vyetu bado vilikuwa njiani. Akamwita wa pili.

"Jina?"

"Siwema."

Akaandika. Kishikwambi kikalia kama kifaranga, na maandishi yakatokea: *Mama huyu yupo. Karibu tena.*

Bwana Gwandumi alikiinua juu kama mtu aliyeokota almasi. "Mnaona? Hata hajakaa, mfumo umeshamtambua!"

Na kwa wa tatu kikasema *Karibu tena*, na kwa wa nne, na kwa foleni nzima, na kila mara Bwana Gwandumi alizidi kufurahi. Alisema hajawahi kuona kijiji kinachotambuliwa haraka namna hii.

Mimi ni mzaliwa wa hapo hapo Mlungui. Nilienda chuo cha ukunga nikarudi na cheti na sauti ile ile ndogo niliyoondoka nayo. Mwalimu wetu wa mazoezi aliandika kwenye ripoti yangu: *Ana mikono mizuri. Hasikiki.* Basi siku ile nilijikaza, nikasogea.

"Bwana Mratibu, pengine..."

"Pengine nini, sista?"

Watu wote wakanitazama.

"Pengine ni kitu kizuri sana," nikasema.

*

Tangu siku hiyo Siwema wa Mlungui akawa mwanamke wa ajabu. Asubuhi moja alipungua na kunenepa na kupungua tena kabla ya chai. Alikuwa na mimba changa na mimba ya kuzaa leo. Alikuwa na makundi yote ya damu. Alikuwa binti mdogo asiyejua kujifunga kanga na pia bibi mwenye wajukuu, na katika hali zote hizo alikuwa mzima, kwa sababu mfumo ulipoletewa presha nyingi za mtu mmoja ulizichanganya zote na kuchukua wastani. Wastani ulikuwa mzuri. Kila jioni kishikwambi kiliandika kwa rangi ya kijani: *Hongera! Mama anaendelea vizuri.*

"Nimpongeze nani?" aliuliza Bi Mwanakheri akizunguka benchi. "Nyie, nani kati yenu anaendelea vizuri? Anyooshe mkono."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, wakati ule.

Wakati wa mvua za vuli Siwema wa korosho alijifungua, damu ikatoka, na hatukuweza kuizuia. Mtoto alibaki. Tulimwosha marehemu mimi na Bi Mwanakheri. Kisha nikakaa na kishikwambi, nikagusa neno *amefariki*. Kikaniuliza: *Una uhakika?* Nikagusa ndiyo. Kikaniuliza tena, kwa upole, kama mtu anayekupa nafasi ya kubadili nia. Nikagusa ndiyo.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Siwema wa kwanza alipopanda mizani, kishikwambi kilisema *Karibu tena*, na kifo cha jana kikafutika.

Nilimpigia simu Bwana Gwandumi.

"Sista, nisaidie," alisema. "Huyo mama amekufa, au amekuja kliniki?"

"Yote mawili, Bwana Mratibu."

"Yote mawili haiwezekani. Mfumo unachukua taarifa ya karibuni. Ya karibuni ni ipi?"

"Amekuja kliniki."

"Basi tumshukuru Mungu," akasema, akakata simu.

Mama wa marehemu alikwenda kwa mtendaji wa kata kuomba cheti cha kifo cha mwanawe. Mtendaji aliangalia kwenye mfumo, akamgeuzia kioo aone mwenyewe. Alisema mwanao alihudhuria kliniki Jumanne, na tena uzito umeongezeka, punguza wasiwasi. Yule mama alikuja kwangu moja kwa moja na matope miguuni. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka sana kuamini, kama nilimwona.

Nikamwambia pengine kuna kosa mahali. Akaniuliza kosa liko kwenye mashine au kaburini.

Kutoka hapo hakuna mwanamke aliyekufa kwa uzazi katika nchi yetu. Redio ilitangaza. Maana desturi ya Siwema ilikuwa ya wilaya nyingi, na kila zahanati ilikuwa na Siwema wake aliyefufuka kila siku ya kliniki. Nchi jirani zikatuma wataalamu waje kujifunza namna ya kutokufa. Walilala hotelini makao makuu, wakaonyeshwa ramani yote ya kijani, wakarudi kwao wameinamisha vichwa kwa aibu.

*

Bwana Gwandumi alirudi na suti nyingine.

"Sista Tunu, jiandae. Waziri anakuja Mlungui. Siwema wenu atatunukiwa Nishani ya Uzazi Uliotukuka, Daraja la Kwanza. Amejifungua karibu kila wiki tangu mfumo uje na hajafa hata mara moja."

"Makao makuu hawakushangaa?"

"Kwa nini washangae? Wamesema ni matokeo ya uwekezaji."

Nilishika kona ya meza. "Bwana Mratibu, pengine Siwema si mmoja."

Akafunga mlango wa chumba cha sindano. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anavua koti. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, na kwa muda alionekana kama mtu wa kawaida mwenye mke nyumbani.

"Dada yangu," alisema polepole, "unadhani mimi sijui kuhesabu matumbo? Lakini ukisema wazima ni wengi, basi na waliokufa ni wengi. Nani atawazika upya? Wewe? Mimi?" Akavaa koti. "Nionyeshe mmoja mwenye afya. Atakayependeza kwenye picha."

Tukatoka uani. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye jamvi. Aliwapitia kwa macho mmoja mmoja kama mtu anayechagua jogoo wa kitoweo, akasimama mbele ya Siwema wa madoa mekundu.

"Huyu! Tazama mashavu haya. Tazama miguu ilivyojaa. Amenawiri!"

Mimi nilitazama mashavu yale. Wiki iliyopita hayakuwapo. Nilimbonyeza mguuni kwa kidole. Shimo la kidole likabaki pale pale, halikutaka kujaa.

Siwema wa madoa mekundu nilisoma naye shule ya msingi, dawati moja. Jina lake ninalijua kama langu. Mwalimu akiniuliza swali, mimi nilimnong'oneza yeye jibu, naye akalisema kwa sauti. Darasa zima likimpigia makofi, alinifinya mkono chini ya dawati. Mama yake, Bi Mize, ndiye aliyenishika bega mwanzoni mwa mimba ile na kuniambia, "Mwanangu Tunu, umesoma, lakini wewe ni wa hapa. Jina la mwenzio lisitoke kinywani mwako." Nikamwapia.

Nilimpima presha. Mia na sabini kwa mia na kumi.

"Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi. Kama mtu anatwanga humu ndani." Akatabasamu kwa yale mashavu. "Lakini usiseme, watachagua mwingine. Wamesema kuna nishani na doti mbili za kanga."

Niliandika presha ile kwenye mfumo. Mfumo ulifikiri, ukaichanganya na za Siwema wote, ukaandika kwa kijani: *Hongera!*

Kwetu mgonjwa wa kijani hapewi rufaa, na gari la wagonjwa haliondoki mpaka mfumo uandike nyekundu. Nikafungua kabati nitafute sindano za kuzuia kifafa cha mimba. Hazikuwapo. Kwenye mfumo zilikuwapo tele, kwa sababu mgonjwa wetu pekee hakuwa amewahi kuzihitaji.

Nilimfuata Bwana Gwandumi hadi garini kwake. "Huyu ana hatari. Pengine angepelekwa hospitali leo."

"Kijani, sista."

"Pengine mfumo..."

"Kesho baada ya nishani nitampeleka mwenyewe, na redio nitamwashia njiani. Kesho, sista. Siku moja tu."

Nilikwenda kwa Bi Mize. Nilimweleza yote, kifafa, hospitali, rangi. Alinisikiliza, kisha akaenda kutafuta pikipiki. Lakini pikipiki zote za Mlungui zilikuwa zimekodiwa kwenda kumpokea Waziri.

*

Siku ya sherehe walitandika zulia jekundu kutoka barabarani hadi kwenye mizani. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilikuwa limeoshwa na kupambwa kwa makuti na maua ya plastiki, na nishani ililetwa ndani yake, imelazwa juu ya machela, king'ora kikilia. Dereva wake, Mzee Kombo, alikaa kwenye usukani amevaa tai na uso wa mtu aliyetumwa mazishini akakuta ngoma.

Waziri alihutubia. Alisema nchi nyingine zinajenga hospitali, sisi tumejenga rangi. Alisema zamani mkunga alikuwa anakimbilia damu na maji ya moto, leo mkunga anakimbilia mtandao. Alisema mama wa nchi hii sasa hana ruhusa ya kufa bila idhini ya mfumo, na watu wa makao makuu wakasimama kupiga makofi.

Siwema wa madoa mekundu alikuwa kwenye kiti cha enzi kilichokodiwa kwa watu wa harusi. Nilisimama nyuma yake na kishikwambi. Nilikuwa nasikia anavyopumua.

"Mama Siwema," Waziri alimgeukia na maikrofoni, "liambie taifa. Ukitazama mbele, unaona nini?"

"Naona nyota," akasema. "Na watu wote wako wawili wawili."

Waziri aligeukia umati. "Mmesikia! Wengine wakitazama mbele wanaona shida. Mama huyu anaona nyota! Anaona maendeleo maradufu!"

Makofi yakapasuka. Bi Mwanakheri peke yake hakupiga. Alikuwa amekamata kanga yake mdomoni.

"Na mkunga wetu huyu mwenye haya," Waziri akasema, "aje aguse kitufe, tumwandike mama huyu kwenye historia. Sema neno moja, binti."

Maikrofoni ikawa mkononi mwangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Mheshimiwa," nikasema, na spika zikarudisha sauti yangu ndogo kutoka pande zote. "Pengine gari..."

"Gari pengine nini?"

"Pengine lingempeleka hospitali."

"Atapelekwa popote anapotaka! Huyu ni mama wa taifa!" Watu wakacheka. Bwana Gwandumi alinisogelea akinong'ona bila kusogeza midomo. "Kijani, sista. Kijani. Gusa."

Hapo mkono wa rafiki yangu ukanishika kiganjani, ukanifinya, vile vile kama chini ya dawati. Akageuza uso wake uliovimba, macho yakinitafuta mahali ambapo sikuwapo.

"Tunu," akasema. "Leo nisemee wewe."

Nilimtazama mama yake. Bi Mize alikuwa mstari wa mbele, ameketi chini kwenye zulia. Nadhani aliliona jina lililokuwa mdomoni mwangu, na kiapo kilicholibana. Akainuka. Hakuwa na maikrofoni wala hakuihitaji.

"Mtaje, mwanangu! Kifo kimeshamjua! Wasiomjua ni hawa!"

Nilikiweka kishikwambi chini, juu ya zulia, taratibu, maana ni mali ya serikali.

"Mheshimiwa," nikasema, "mlipoleta mashine nilisema pengine ni kitu kizuri. Na ingekuwa kitu kizuri. Ingemjua kila mmoja, ingetuokoa wengi. Lakini hakuna mwanamke anayeitwa Siwema. Wako wengi, wamekaa hapo kwenye jamvi, na wengine tumewazika. Wa korosho alikufa. Nilimwosha mwenyewe. Mama yake anangoja cheti mpaka leo."

"Sista!" alisema Bwana Gwandumi. Alinyoosha mkono kuelekea waya wa spika, kisha, sijui kwa nini, mkono ukasimama hapo hapo hewani, haukushika waya.

"Na huyu hajanawiri. Amevimba. Nyota anazoziona ni za kifafa cha mimba. Akianguka hapa, mfumo utasema anaendelea vizuri, na Jumanne utamkaribisha tena, na yeye hatakuwepo."

Waziri alitazama ramani ya kijani iliyotundikwa kando yake, kama mtu anayeuliza njia. Nje ya turubai nilisikia kitu kikipasuka. Ni Mzee Kombo: ameshuka, anang'oa makuti kwenye mlango wa gari kwa mikono miwili, na maua ya plastiki yanaanguka miguuni pake. Alikuwa hajaandikiwa nyekundu na mtu yeyote.

"Anaitwa nani?" Waziri akauliza. Nafikiri aliuliza kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Kama kifo kilikuwa uwanjani pale, nacho na kisikie.

"Anaitwa Havijawa," nikasema, na safari hii spika hazikuwa na kazi. "Havijawa binti Makame. Ni mmoja tu. Hatuna mwingine."